Injini Iliyokataa Kuwaka Baada ya Kutengenezwa

Wanafunzi wenzangu, na ninyi ndugu zetu mliokwisha maliza hapa ambao sasa mna magari yenu wenyewe, nataka kuwaeleza jambo nililojifunza muhula uliopita nyuma ya karakana yetu.

Land Rover ya shule, ile ya zamani ya petroli yenye silinda nne, ilikuwa ikila maji kwa sababu gasketi ya silinda hedi iliungua. Fundi wetu mzee alinichukua mimi na wenzangu wawili tumsaidie. Tukabadili gasketi, tukakaza boliti kwa utaratibu wake, tukapima nafasi za vali. Ndipo mzee akaitwa kwao kwa msiba, akatuachia kazi ndogo tu, kurudisha waya za plagi. Alhamisi jioni nikatia ufunguo. Injini ikazunguka kwa nguvu, ikapiga chafya katika kabureta, ikalipuka kama bunduki katika ekzosi, lakini haikuwaka. Tukajaribu mpaka betri ikachoka.

Usiku ule kijana mmoja wa kidato cha kwanza akashikwa na homa kali. Gari ni hilo moja tu. Mwalimu wa zamu akampakia kwenye baiskeli, nasi tukaisukuma kwa zamu milimani, kilomita 11 mpaka hospitali. Namshukuru Mungu alipona. Lakini mikono iliyogusa gari lile mwisho ilikuwa yangu.

Asubuhi nikaanza upya, bila haraka. Injini ya petroli hutaka cheche, petroli iliyochanganyika na hewa, na mshindilio. Na tena hutaka cheche ije kwa wakati wake. Nilifungua plagi moja, nikairudisha kwenye waya wake, nikalaza chuma chake juu ya injini mbali na mvuke wa petroli, mwenzangu akazungusha. Cheche ikaruka, ya buluu, kali. Basi koili na pointi ni nzima. Plagi zenyewe zilikuwa zimelowa na kunuka, basi petroli yafika. Kama zingalikuwa kavu tungalitafuta kosa katika pampu na mabomba. Kisha nikazima ufunguo, nikaziba matundu ya plagi kwa kidole, moja moja, mwenzangu akizungusha hendeli. Kila silinda ilisukuma kidole changu nje. Gasketi yetu ilikaa vizuri.

Likabaki neno la wakati, na hapa ndipo nilipojikwaa. Pistoni hupanda na kushuka mara mbili ndipo kazi yake itimie: huvuta, hushindilia, husukumwa na moto, hutoa moshi. Kwa hiyo hufika juu mara mbili, mara moja imeshindilia hewa na petroli, mara ya pili inatoa moshi. Alama iliyo kwenye puli ya mbele hufika mahali pake mara zote mbili, wala haikuambii ni ipi. Mimi niliiona alama, nikaamini, nikapanga waya kuanzia hapo: 1, 3, 4, 2. Mpango ulikuwa sahihi, ila mwanzo wake ulikuwa wa uongo. Kila silinda ilipata cheche wakati vali zake zi wazi, ndiyo maana moto ulitokea kwenye kabureta na ekzosi.

Nilihakikisha hivi. Nikaziba tundu la silinda ya 1, hendeli ikazungushwa polepole hadi hewa iliposukuma kidole, tukaendelea mpaka alama ikafika. Nikafungua kifuniko cha vali: zote mbili za silinda ya 1 zimefungwa. Nikainua kifuniko cha distributa. Kile kidole kizungukacho ndani kilielekea waya wa silinda ya 4! Nikabadilishana waya wa 1 na wa 4, na wa 3 na wa 2. Kazi ya dakika tano. Tukakausha plagi, tukazungusha hendeli mara mbili, gari likanguruma. (Ushikapo hendeli, weka kidole gumba upande mmoja na vingine, maana injini ikirudi nyuma huvunja mkono.)

Ninyi wenye magari mapya hamtaona distributa, lakini mkanda au mnyororo wa taimingi mnao. Ukifungwa vibaya, katika injini nyingi pistoni hugonga vali. Msiendelee kupiga stata kama nilivyofanya mimi.

Mzee aliporudi nilimweleza yote. Hakunigombeza. Alikata vipande vinne vya plasta, akaandika 1 mpaka 4, akanionyesha jinsi ya kuvifunga kwenye waya kabla ya kuzing'oa. Vingali pale hata leo.