Maua ya pori na ufagio wa jirani

Mama wa Lupango ya Kona, Kamina,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mvua za Oktoba zilipoanza ulileta maua ya porini, ukayapanda mbele ya nyumba, pale ambapo wenzako wote hufagia udongo mpaka unabaki na mistari ya ufagio. Sasa jirani anasema unafuga nyoka, shefu wa kartie amepita mara mbili akikohoa, na mama mkwe anauliza kama unaumwa. "Nivumilie ao ning'oe?"

Using'oe. Lakini umeandika kwamba majirani "hawapendi maua", na hapo umewaonea. Wanapenda sana boganvilia na jakaranda, ingawa zote zililetwa kutoka Amerika ya Kusini, na gazoni wangeipanda leo kama ile tuliyoizoea kwenye nyumba za wakubwa wa reli. Wanachoogopa ni kichaka. Kwao kichaka mlangoni maana yake mwenye nyumba amehama, amekufa, ao amekata tamaa.

Na kuhusu nyoka, jirani ana haki. Nyasi ndefu huficha panya, na panya humwita nyoka. Basi kata nyasi, uache maua. Acha hatua tatu za udongo mtupu kati ya maua na mlango, uzungushie matofali, ufagie kila asubuhi watu wakiona. Mbu usikubali kusingiziwa: wao huzaliwa kwenye maji yaliyosimama, na kopo ao tairi lenye maji linaweza kuwepo hata kwenye lupango iliyofagiwa vizuri. Ila lile ua linalopanda, jekundu na manjano kama moto, Gloriosa, kiazi chake kina sumu ya kuua. Kama kuna watoto wanaochimbachimba, lirudishe porini.

Chini kabisa umeandika mstari mmoja, kama mtu anayeficha kitu: maua haya yalikuwa kando ya njia ya shamba la marehemu nyanya yako. Mbona jirani hukumwambia hilo? Ulimjibu kwamba lupango ni yako. Ni kweli, mama, lakini nadhani maneno hayo ndiyo yaliyomtuma kwa shefu. Mwite jioni, mpe kiti pale penye maua, mweleze habari za nyanya. Naye ana shamba la kwao analolikumbuka.

Mama mkwe mwachie mume wako.