Wazazi Walikuwa Wapi?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wasomaji wa gazeti letu wamezoea kupata katika ukurasa wa michezo habari za mabao, mbio na vikombe. Muhula huu naomba ruhusa niandike somo juu ya upande mwingine wa michezo, ambao hauandikwi katika ubao wa matokeo. Ni habari ya watu wazima waliokabidhiwa watoto ili wawafundishe au wawatibu, nao wakawadhulumu. Nimechagua mambo yaliyotokea Marekani na Uingereza kwa sababu yalifika mahakamani, yakathibitishwa, na hukumu ikatolewa. Kwa hiyo hatusemi uvumi.

Nilipowasimulia wenzangu bwenini habari hii, swali lililotoka karibu kila kitanda lilikuwa moja: "Wazazi walikuwa wapi?" Ni swali la haki, na hata wazazi wa watoto wale wamejiuliza. Basi nalifanya kuwa swali la somo letu.

HABARI YENYEWE

Katika jimbo la Michigan, Marekani, alikuwako daktari aitwaye Larry Nassar. Kuanzia mwaka 1986 mpaka 2015 aliihudumia timu ya taifa ya jimnastiki ya wasichana, yaani mchezo wa kuruka, kupinduka hewani na kutembea juu ya boriti nyembamba. Tena tangu mwaka 1997 alifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan. Kazi yake ilikuwa kutibu migongo, nyonga na vifundo vya miguu vya wachezaji.

Watu walimwona kuwa mtu mwema sana. Katika kambi ambako wasichana walibanwa mno katika chakula, yeye aliwapa peremende kwa siri. Aliwaletea zawadi kutoka michezo ya Olimpiki. Lakini, chini ya kivuli cha tiba, aliwagusa wasichana hao sehemu zao za siri, mwaka baada ya mwaka.

Mwezi wa Septemba 2016, gazeti la Indianapolis Star lilitoa habari ya Rachael Denhollander, mwanasheria aliyecheza jimnastiki alipokuwa msichana, naye alikubali jina lake litajwe. Baada yake wakajitokeza wengine, mpaka wakafika mamia. Mwezi wa Januari 2018, katika mji wa Lansing, mahakama ilisikiliza maelezo ya watu 156 kwa muda wa siku saba. Tarehe 24 ya mwezi huo Nassar alihukumiwa kifungo cha miaka 40 hadi 175.

JIBU LA SWALI LETU

Sasa turudi kwenye swali. Wazazi walikuwa wapi? Jibu ni kwamba mara nyingi walikuwa mle mle chumbani.

Denhollander alikuwa na umri wa miaka 15 alipopelekwa kwa daktari huyo kwa maumivu ya mgongo, na mama yake alikuwamo chumbani. Daktari alisimama mahali ambapo mama hakuweza kuiona mikono yake, huku akizungumza naye kwa uchangamfu. Wazazi wengine walipatwa na jambo hilo hilo. Wao ndio waliowaendesha watoto wao kwa gari, wakalipa ada, wakasema asante wakati wa kuondoka. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mara nyingi tunaitumia methali hiyo kwa kujifurahisha, lakini wazazi hao waliijua kwa machungu.

Ilikuwaje mzazi awepo asione? Nimeona sababu tatu.

Kwanza ni heshima ya cheo. Mtu akiwa daktari wa timu ya taifa, na picha zake pamoja na mabingwa zimetundikwa ukutani, mzazi husema moyoni, "Mimi ni nani hata nimwulize?" Pili ni shukrani. Kuonwa na daktari wa mabingwa ilihesabiwa kuwa bahati, na mtu mwenye shukrani huona aibu kuchunguza. Tatu ni ndoto. Mzazi aliyekwisha kumwona mtoto wake katika mawazo akivishwa medali hapendi kusikia neno litakaloivunja picha hiyo.

Tena kuna jambo zito zaidi ya kutoona, nalo ni kuambiwa na kutosadiki. Msichana mmoja aliieleza mahakama kwamba aliwaambia wazazi wake alipokuwa na miaka 12. Daktari alikuwa rafiki wa nyumbani, akakana, na wazazi wakamwamini yeye kuliko mtoto wao. Mwingine amesema hadharani kwamba alimwambia kocha mwaka 1997, akiwa na miaka 16, wala hakusaidiwa. Mwaka 2004 msichana wa miaka 17, umri kama wangu, alikwenda polisi. Daktari akawaeleza polisi kwamba ile ni tiba, nao wakalifunga faili. Mwaka 2018 mji ule ulimwomba radhi mbele ya watu. Mwaka 2014 Chuo Kikuu kilichunguza mashtaka ya mwanamke mwingine, kikaona daktari hana kosa, akarudi kazini. Mwaka 2015 habari ikafika kwa wapelelezi wa serikali kuu, FBI, lakini aliendelea kuwaona wagonjwa kwa zaidi ya mwaka mzima.

Tazama tarehe hizo moja baada ya nyingine. Watoto walisema, tena walisema kwa mzazi, kwa kocha, kwa polisi na kwa chuo. Hatuwezi kusema kwamba walinyamaza.

WASHANGILIAJI NAO

Mtu aweza kusema kwamba mambo hayo ni ya wazazi na wakubwa, na kwamba mshangiliaji anunuaye tiketi au atazamaye televisheni hana neno. Mimi sioni hivyo, na nitaeleza kwa mifano miwili.

Mwaka 1996, katika Olimpiki ya Atlanta, Kerri Strug, mwenye miaka 18, alianguka katika mruko wake wa kwanza na kuumia kifundo cha mguu. Akaruka tena kwa mguu ule ule ulioumia, akatua, akapata alama 9.712, kisha akaanguka chini kwa maumivu. Kocha wake, Bela Karolyi, alimbeba mikononi kwenda kupokea medali ya dhahabu pamoja na wenzake. Dunia nzima ilishangilia. Baadaye hesabu ilionyesha kwamba Wamarekani wangeshinda hata bila ya mruko ule wa pili. Kwa miaka mingi picha ile ilionyeshwa kama mfano wa ushujaa.

Sisemi kwamba kuruka na mguu mbovu ni sawa na kunajisiwa. Nasema kwamba mtoto anayefundishwa kila siku kwamba maumivu ya mwili wake si kitu, na kwamba mkubwa ndiye ajuaye, atawezaje kusema "hapana" siku mkubwa huyo atakapomkosea? Karolyi na mkewe walikuwa na kambi huko Texas ambako timu ya taifa ilifanya mazoezi. Wazazi hawakuruhusiwa kukaa humo, na ndimo Nassar alimowadhulumu wengi. Timu ya taifa iliacha kuitumia kambi hiyo mwezi wa Januari 2018. Mpaka hapo ushindi ulikuwa umeifunika. Sisi watazamaji tulitaka medali, wala hatukuuliza inapikwa katika jiko gani.

Mfano wa pili ni wa Simone Biles, ambaye naye alisema mwaka 2018 kwamba alikuwa mmoja wa waliodhulumiwa. Katika Olimpiki ya Tokyo, mwezi wa Julai 2021, alijitoa katikati ya shindano la timu kwa kuwa akili na mwili havikupatana hewani, na kuruka hivyo ni kucheza na shingo. Baadhi ya watu walimwita mwoga. Lakini wengine wengi walisimama upande wake, na wapo walioitazama upya ile picha ya mwaka 1996 wakajiuliza walikuwa wakishangilia nini. Mwaka 2024 Biles alirudi Paris akapata medali tatu za dhahabu na moja ya fedha. Lakini hata kama asingerudi, angekuwa na haki ya kusema "leo siruki".

SI WASICHANA PEKE YAO

Wavulana wenzetu wasidhani kwamba habari hii haiwahusu. Mwezi wa Novemba 2016, Andy Woodward, mchezaji wa zamani wa kandanda wa Uingereza, alisimulia jinsi alivyodhulumiwa utotoni na kocha Barry Bennell wa Crewe Alexandra. Bennell alikuwa mtafutaji wa vipaji. Aliwaalika wavulana kulala nyumbani kwake, na wazazi wao waliona fahari kwamba mtoto wao amechaguliwa. Mwezi wa Februari 2018 alihukumiwa kifungo cha miaka 30, naye akafa gerezani mwaka 2023. Ripoti iliyotolewa mwezi wa Machi 2021 ilisema kwamba chama cha kandanda cha nchi hiyo hakikufanya ya kutosha kuwalinda watoto kati ya mwaka 1995 na 2000.

Sisi tunaovaa jezi za timu za Uingereza na kubishana juu yake usiku kucha, tukumbuke kwamba nyuma ya majina makubwa walikuwako watoto wa miaka kumi na kumi na mbili.

TUFANYE NINI?

Mwenzangu mmoja alinipinga kwa nguvu. Alisema: "Tukianza kuwashuku waalimu wa michezo, nani atakubali kutufundisha? Mwalimu anaacha chakula chake jioni aje uwanjani, halafu tumtazame kama mwizi?" Neno lake lina uzito, kwa maana waalimu wengi ni watu safi wanaojitolea, na bila wao uwanja wetu ungeota majani.

Jibu langu ni kwamba kanuni si shutuma. Mweka hazina wa duka la shule huhesabu fedha mbele ya mtu wa pili, wala hatumwiti mwizi. Kanuni humlinda yeye pia. Vivyo hivyo kocha asiyekaa peke yake na mtoto nyuma ya mlango uliofungwa amelindwa na maneno ya uongo. Marekani walitunga sheria mwezi wa Februari 2018 inayowalazimu wakubwa wa michezo ya vijana kutoa taarifa ndani ya saa 24 wanaposikia habari ya mtoto kudhulumiwa. Hapa kwetu Tanzania tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayosema kwamba mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Mimi mwenye miaka 17, pamoja na ndevu chache nilizo nazo, bado nimo humo. Tena iko simu ya bure namba 116 kwa ajili ya watoto.

Jambo hili limenigusa kwa sababu mdogo wangu yuko shule ya msingi, Darasa la Sita, naye hukimbia mita 800. Mwaka huu jina lake limo katika timu ya wilaya, na atalala mbali na nyumbani kwa mara ya kwanza. Nimemwandikia baba barua, na baada ya salamu nikamwomba aulize maswali manne kabla ya kutia sahihi karatasi ya ruhusa:

1. Watoto watalala wapi, na ni nani atakayelala karibu nao?
2. Je, yuko mwalimu wa kike pamoja na timu ya wasichana?
3. Mtoto akiumia, nani atamtibu, na nani mwingine atakuwapo wakati huo?
4. Mtoto akiwa na shida ambayo hawezi kumwambia kocha wake, amwambie nani?

Maswali haya hayamtuhumu mtu. Mwalimu mwema atayajibu kwa dakika tano, na huenda akafurahi kuulizwa. Mwalimu atakayekasirika, basi hasira yake nayo ni jibu.

Kwa wanafunzi wenzangu nasema maneno machache. Anayekuletea zawadi na kukuambia usimwambie mtu, mwambie mtu. Ukimwambia mkubwa mmoja asisikie, nenda kwa wa pili, na wa tatu. Na mwenzako akikuambia jambo la namna hiyo bwenini taa zikiwa zimezimwa, usicheke, wala usilifanye hadithi ya asubuhi. Mfuatane hadi kwa mwalimu mnayemwamini.

Baba amekwisha kunijibu. Aliyapeleka maswali yale katika mkutano wa wazazi. Anasema wazee wawili walicheka, lakini mmoja aliomba karatasi ayanakili. Mama naye ameongeza chini ya barua swali la tano, ambalo halimhusu kocha bali linawahusu wao wenyewe: mtoto akirudi kutoka mashindanoni, je, tutamwuliza kwanza ameshika namba ngapi, au tutamwuliza kwanza alikaaje huko?