Kingamwili na Kumbukumbu ya Mwili

Watahiniwa wengi hupoteza alama katika mada hii kwa kuchanganya maneno matatu. Yatenganishe kwanza:

Antijeni: kitu kigeni, kwa mfano protini iliyo juu ya virusi, kinachoamsha kinga ya mwili.
Kingamwili: protini ambayo mwili wenyewe huitengeneza ili kuikabili antijeni fulani.
Antibayotiki: dawa ya kupambana na bakteria. Haitibu magonjwa ya virusi.

Hatua za kutengeneza kingamwili (mfano: surua)

1. Virusi vya surua huingia kwa njia ya hewa. Antijeni zake hufika kwenye tezi za limfu, penye seli B.
2. Seli B chache zenye vipokezi vinavyolingana na antijeni hizo huzitambua, kama kufuli na ufunguo wake.
3. Zikisaidiwa na seli T, seli B hizo hugawanyika mara nyingi.
4. Baadhi huwa seli plazma, ambazo humwaga kingamwili kwenye damu. Nyingine hubaki kuwa seli za kumbukumbu.
5. Kingamwili hujifunga kwenye virusi, huvizuia kuingia katika seli, na huvitia alama ili fagosaiti zivimeze.

Mara ya kwanza hatua hizi huchukua siku kadhaa, na mgonjwa huumwa. Virusi vikirudi, seli za kumbukumbu hutoa kingamwili haraka na kwa wingi zaidi. Chanjo hujenga kumbukumbu hiyo bila mtu kuugua.

Angalia: Usiandike "kingamwili humeza virusi". Zinazomeza ni fagosaiti.

Swali la mfano
Nchini Tanzania, chanjo ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na miezi 18. Eleza kwa nini haitolewi anapozaliwa. (Alama 3)

Jibu
(a) Mtoto huzaliwa na kingamwili za mama zilizopita kwenye kondo la nyuma.
(b) Kingamwili hizo zinaweza kuvizima virusi dhaifu vya chanjo kabla seli B za mtoto hazijavitambua. Hivyo seli za kumbukumbu hazitengenezwi vya kutosha.
(c) Kingamwili za mama hupungua kadiri miezi inavyopita, na mtoto hana seli za kuzitengeneza upya. Hapo ndipo anapohitaji chanjo, ili ajijengee kinga yake mwenyewe.

Jipime: Ukiulizwa nyumbani kwa nini mtoto arudishwe kliniki kwa dozi ya pili, ungejibu nini? Kidokezo: si kila mwili hujenga kinga ya kutosha kwa dozi moja.