Kuuza Nyumba ya Familia: Pataneni Kwanza



Katika semina zetu za ndoa tunazungumza sana juu ya kujenga nyumba, lakini ni mara chache tunazungumza juu ya kuiuza. Hata hivyo siku ya kuuza huja katika familia nyingi. Baba amepewa uhamisho wa kazi. Mama ameugua na matibabu ni ghali. Watoto wameingia chuoni na karo imekuwa nzito. Wengine wamestaafu na wanataka kurudi mashambani. Kuuza nyumba si aibu wala si dhambi. Lakini ni jambo linaloweza kuvunja amani ya miaka ishirini kwa wiki moja, ikiwa bwana na bibi hawakupatana.

Basi, somo letu la leo ni hili: kabla ya kumtafuta mnunuzi, pataneni ninyi wawili. Na tutaona ya kwamba mnunuzi mwenyewe, akiwa na busara, hutafuta jambo hilo hilo.

1. Kwa nini tunauza?

Chagueni jioni moja, watoto wakiwa wamelala, mkae mezani na karatasi. Jiulizeni maswali matatu, na kila mmoja aandike jibu lake kabla ya kusoma la mwenzake:

- Tunauza kwa sababu gani?
- Pesa zitafanya kazi gani?
- Sisi na watoto tutalala wapi siku ya kutoa funguo?

Msishangae mkikuta majibu tofauti. Tuseme bwana ameandika, "Tununue matatu." Bibi ameandika, "Tulipe karo, na kinachobaki tununue ploti ndogo." Hawa wawili hawajawa tayari kuuza. Wakiuza hivyo, ugomvi utaanza siku pesa zitakapoingia benki. Afadhali wabishane leo juu ya karatasi kuliko kubishana kesho wakiwa katika nyumba ya kupanga.

Swali la tatu ndilo husahauliwa zaidi. Pesa nyingi zikiwa mkononi huonekana kama hazitaisha, lakini kodi ya nyumba hulipwa kila mwezi. Kama hamjui mtahamia wapi, ngojeni. Haraka haraka haina baraka.

2. Jina lililo kwenye hati si mwisho wa mambo

Wanaume wengi husema, "Hati ina jina langu peke yangu, kwa hiyo nitauza nikitaka." Siku hizi si hivyo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema ya kwamba, katika ndoa ya mke mmoja na mume mmoja, mali ya ndoa haiwezi kuuzwa, kutolewa zawadi, kukodishwa wala kuwekwa rehani bila idhini ya wote wawili. Ndoa yetu ya kanisani ni ya namna hiyo. Kwa hiyo sheria hii inatuhusu sisi moja kwa moja.

Sheria hiyo pia inatambua ya kwamba mchango wa mtu katika mali si pesa tu. Kupika, kulea watoto, kulima shamba na kusimamia biashara ya familia, yote huhesabiwa. Mama ambaye hakuwahi kupokea mshahara asiambiwe kwamba hakuijenga nyumba hiyo. Nao akina mama pia wasikilize: ikiwa hati ina jina lako wewe, sheria ni ile ile. Bwana naye aulizwe.

Lakini tusingojee sheria itulazimishe. Fikiria mke anayegundua habari siku anapomkuta mgeni uani akipima kiwanja. Hata kama bei ni nzuri, yeye ameambiwa bila maneno kwamba hahesabiwi. Jeraha hilo halitibiwi na pesa.

Nao watoto wakubwa waambieni mapema. Hawatii sahihi katika nyumba ya wazazi wao, lakini si vizuri wasikie kwa majirani.

3. Mnunuzi hutazama nini?

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mnunuzi mwenye akili hafurahishwi na lango lililopakwa rangi. Mara nyingi huja na mkewe, nao hugawana kazi ya kuchunguza. Haya ndiyo wanayoyatazama:

Karatasi. Hili ndilo la kwanza. Mnunuzi atataka kuona hati, na wakili wake atafanya upekuzi katika afisi ya ardhi ili ajue mwenye ardhi ni nani na kama ina deni la benki. Watu wamepata funzo kwa uchungu. Mwezi wa Oktoba 2023, huko Mavoko katika Kaunti ya Machakos, nyumba nyingi zilibomolewa kwa kuwa zilijengwa juu ya ardhi ambayo mahakama ilikuwa imeamua ni ya mwingine. Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba hati peke yake haitoshi kumkinga mnunuzi ikiwa ardhi ilipatikana kinyume cha sheria tangu mwanzo. Kwa hiyo mnunuzi wa leo huuliza, "Na wewe uliipata kwa nani?" Wekeni tayari mkataba wenu wa zamani, stakabadhi za ada za kaunti, na plani ya nyumba iliyopitishwa.

Idhini ya mwenzi. Wakili wa mnunuzi atataka kiapo cha maandishi kwamba mume au mke amekubali. Mnunuzi hataki kununua kesi. Akiona mama wa nyumba amenuna na hasemi neno, anaweza kuondoka asirudi, hata kama nyumba imempendeza.

Maji. Bibi wa mnunuzi atafungua mfereji. Atauliza maji hutoka siku ngapi kwa wiki, tangi ni la lita ngapi, na kama ni ya kisima yana chumvi au hapana. Sehemu kama Kitengela na Ruai, swali la chumvi haliachwi nyuma.

Ardhi na kuta. Udongo mweusi huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na kuta zilizojengwa juu ya msingi mfupi hupasuka pamoja nao. Mnunuzi hutazama pembe za madirisha na milango, kwa maana nyufa huanzia hapo. Atatafuta mawe ya mpaka pia. Kama hayaonekani, mwiteni mpima ardhi kabla ya mnunuzi kuja.

Barabara na mto. Wengine huja kwa makusudi mwezi wa Aprili, mvua ikiwa kali, waone kama gari linafika. Baada ya mafuriko ya mwaka 2024, ambapo serikali iliwaamuru watu wahame kutoka kingo za mito, umbali wa nyumba na mto umekuwa swali kubwa.

Majirani. Mnunuzi atamwuliza mwenye duka juu ya wezi, taa za barabarani, shule, zahanati, na nauli ya matatu kwenda mjini. Majibu hayo hamwezi kuyapanga. Mliishi na watu vizuri? Mtasifiwa.

4. Tengeneza, lakini usifiche

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hamhitaji kutumia pesa nyingi. Tengenezeni mfereji unaovuja, kitasa kilicholegea, swichi iliyovunjika na mabati yanayopitisha maji. Fyekeni ua. Safisheni jikoni na choo, kwa maana hapo ndipo watu hupima usafi wa nyumba nzima. Ondoeni vitu vilivyorundikwa, ili chumba kionekane ukubwa wake. Lakini msikope pesa kuweka vigae vya gharama mkidhani mtazirudisha katika bei. Mnunuzi ana ladha yake mwenyewe.

Kuna tofauti kati ya kutengeneza na kuficha. Kuziba ufa kwa simiti na kuupaka rangi wiki moja kabla ya mgeni kuja, huku mkijua msingi umeshuka, ni kuchukua pesa za mtu kwa hila. Amri ya saba haikuandikiwa wezi wa usiku peke yao. Semeni, "Ukuta huu umepasuka, tumepunguza bei kwa sababu hiyo." Mtu akiambiwa kasoro moja kwa uwazi, huyaamini na mengine mnayomwambia.

Na mpatane mtakavyojibu. Baba akisema maji hutoka kila siku, na mama akasema mara mbili kwa wiki, bei imeshuka hapo hapo.

5. Pesa

Chukueni mfano wa nyumba mjini, iliyo kwenye ploti ya hamsini kwa mia, bei ikiwa shilingi 6,000,000. Kwa kawaida mnunuzi hutoa asilimia 10, yaani shilingi 600,000, wakati wa kutia sahihi mkataba. Mkataba uwe wa maandishi na wenye mashahidi. Ushuru wa stempu ni wa mnunuzi: asilimia 4 mjini, yaani shilingi 240,000, na asilimia 2 mashambani. Kodi ya faida ni ya mwuzaji. Tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida, lakini nyumba ambayo mwenyewe ameishi ndani kwa miaka 3 mfululizo kabla ya kuuza husamehewa. Kama ni ardhi ya kilimo, ni lazima kupata kibali cha Bodi ya Ardhi, na ombi lipelekwe kabla ya miezi 6 kupita tangu mkataba.

Hati yenyewe msiikabidhi kwa dalali. Ipelekeni kwa wakili, naye awape barua ya kuipokea. Pesa ziingie katika akaunti yenye sahihi za wote wawili. Halafu itoeni ile karatasi ya jioni ya kwanza, mfanye kama mlivyoandika.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Je, kila mmoja wetu anajua hati ya nyumba au shamba letu imewekwa wapi, na ina majina ya nani?
2. Kama tungelazimika kuuza mwaka huu, tungehamia wapi?
3. Kuna kasoro gani katika nyumba yetu ambayo hatungependa mgeni aione? Tunaweza kuitengeneza lini?
4. Je, kuna mali yoyote iliyouzwa au kununuliwa katika ndoa yetu bila mmoja kuambiwa? Tuzungumze juu yake kwa upole, bila kulaumiana.

Someni maswali haya pamoja hata kama hamna nia ya kuuza. Swali la kwanza peke yake litawachukua jioni nzima.