Kwa Nini Nyuki Huondoka Mizingani?



Mfugaji wa nyuki akifika porini na kukuta mzinga mtupu, swali lake la kwanza ni: nani wa kulaumiwa? Siku hizi wengi hutaja mnara wa simu, na wengine humtaja jirani mwenye wivu. Lawama isiyo na ushahidi huvunja ujirani, nayo haimrudishi nyuki hata mmoja. Kwa hiyo katika somo hili tutazipima sababu moja moja.

1. Viumbe hupataje njia?

Nyuki huongozwa hasa na jua. Karl von Frisch, mtaalamu kutoka Austria, alieleza jinsi nyuki anavyocheza juu ya sega ili kuwaonyesha wenzake upande na umbali wa maua. Alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973.

Wadudu wa usiku nao hutumia mwanga wa anga. Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na Ujiji wamezoea kuona wadudu wakizizunguka taa zao ziwani. Mwaka 2024 wataalamu walionyesha kwamba mdudu hugeuza mgongo wake kuelekea kwenye mwanga, kwa kuwa tangu asili upande wenye mwanga ndio juu. Akikutana na taa hupotoshwa, akabaki anaizunguka. Lakini nyuki wetu hufanya kazi mchana, basi taa za ziwani hazielezi mizinga mitupu.

2. Je, ni minara ya simu?

Habari hii ilienea mwaka 2007 kupitia magazeti ya Uingereza. Chanzo chake kilikuwa jaribio dogo la Ujerumani, ambalo lilihusu vitako vya simu za nyumbani zisizo na waya vilivyowekwa ndani ya mizinga. Halikuhusu minara, na watafiti wenyewe walikana kwamba lilieleza kutoweka kwa nyuki.

Hata hivyo tusiseme kwamba mawimbi hayana athari yoyote. Mwaka 2014 watafiti wa Oldenburg, Ujerumani, walionyesha kwamba ndege wadogo wahamao hushindwa kutumia usumaku wa dunia penye mawimbi ya mitambo ya umeme ya mjini. Mawimbi hayo yalikuwa ya masafa kama ya redio ya AM, tena ya chini sana kuliko yale ya simu. Kwa ushahidi huu, mnara hauwezi kuhukumiwa.

3. Sumu

Hapa ushahidi ni mzito. Mwaka 2012 wataalamu wa Ufaransa walibandika vitambulisho vidogo migongoni mwa nyuki, wakawalisha kiasi kidogo cha dawa ya wadudu iitwayo thiamethoxam, kisha wakawaachia mbali na mzinga. Kiasi hicho hakikutosha kuwaua papo hapo, lakini wengi walishindwa kurudi nyumbani. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya dawa hiyo na nyingine mbili za jamii yake katika mashamba ya wazi.

4. Nyuki wetu huhama

Mwaka 2006 wafugaji wa Marekani waliona jambo geni: nyuki vibarua walitoweka, wakaacha malkia, majana na asali. Nyuki wa Afrika wana desturi nyingine. Wakikosa maua au maji, wakisumbuliwa na siafu, joto, moto au nyegere, kundi zima huhama pamoja na malkia wake. Huko si kupotea njia.

Yupo pia utitiri uitwao varroa, unaofyonza nyuki. Uligunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2009, lakini nyuki wetu wameustahimili kuliko nyuki wa Ulaya.

5. Mapori yetu

Miyombo na miti mingine ya mapori ya Kigoma ndiyo ghala ya nyuki. Kufikia miaka ya 1990 vilima vingi nje ya Hifadhi ya Gombe vilikuwa vimebaki vitupu, ndipo mradi wa TACARE ulipoanzishwa mwaka 1994 kushirikiana na vijiji. Kila mti ukatwao kwa mkaa, na kila moto wa kiangazi uteketezao maua, huwafukuza nyuki bila mtu kuwagusa.

Jinsi ya kusoma mzinga

- Masega yamebaki, lakini hakuna majana wala asali: huenda wamehama kwa njaa au usumbufu.
- Mzinga umeanguka na kupasuliwa: mshuku nyegere au mwizi.
- Masega yametafunwa na kujaa nyuzi: ni nondo wa nta, ambaye mara nyingi huingia kundi likiwa limekwisha dhoofika.
- Nyuki wengi wamekufa ghafla mlangoni, wengine wakitetemeka: shuku sumu, na uliza ni nani karibu amepuliza dawa.

Hasara hii si ya warina asali peke yao. Mahindi huchavushwa na upepo, na mchikichi hasa na fukusi wadogo. Lakini maboga, matikiti, alizeti na maparachichi huhitaji wadudu, na kahawa huzaa vizuri zaidi nyuki wakiitembelea.

Basi tufanye yaliyo katika uwezo wetu. Mwenye bustani apulize dawa jioni, nyuki wakiwa wamerudi, wala asipulize mimea iliyochanua. Tena amwarifu mapema jirani mwenye mizinga. Mfugaji asafishe njia ya moto kuzunguka mizinga yake, na anaporina aache masega ya kutosha. Magome ya mizinga hutolewa kwa kuumenya mti mzima ulio hai, nao hufa; afadhali mzinga wa mbao.

Maswali ya kujadili

1. Kuna tofauti gani kati ya nyuki kuhama na nyuki kupotea?
2. Katika kijiji chetu, ni nani hupuliza dawa, saa ngapi, na je, wenye mizinga huarifiwa?
3. Kabla ya kumlaumu jirani, tungetazama nini ndani ya mzinga?