Mkunazini na muti ya maembe

Katika jaribio la mofolojia niliandika «muti ya maembe». Mwalimu aliifuta kwa wino mwekundu, akaandika pembeni: «mwembe! Kosa la ngeli». Pointi mbili zikaenda. Hapa Bunia, nyumbani kwetu, sijawahi kumsikia mtu akisema mwembe, na mti wenyewe umesimama uani. Ndipo nikataka kujua kosa langu ni la namna gani.

Tuanzie mbali, Unguja. Ndani ya Mji Mkongwe kuna mtaa uitwao Mkunazini. Hapo palikuwa na soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, na hapo likajengwa kanisa kuu la Anglikana. Jina limetokana na mkunazi, mti wenye miiba unaostahimili ukame. Tunda lake, kunazi, ni dogo, lina kokwa moja ngumu, na watoto hulila hivyo hivyo. Majani yake Waislamu wa pwani huyatumia katika kuosha maiti.

Sasa lipasue jina: m-kunazi-ni. Kiambishi m- kimeligeuza tunda kuwa mti, na -ni imeugeuza mti kuwa mahali. Basi! Utaratibu huu haujali asili ya neno: pera limetoka Kireno, lakini mpera umeota bila shida. Mitaa ya Miembeni na Michenzani, huko huko Unguja, imezaliwa kwa njia hiyo.

Sisi tunasema muti ya maembe, muti ya mapera. Na tukitaja mahali, ku muti. Kazi ya m- tumeipa a-unganifu, na kazi ya -ni tumeipa ku na mu, vinavyotangulia jina. Wengine hudai sababu ni kuishi pamoja na Kilendu na Kialur, lugha zisizo za Kibantu. Sikubali haraka: Lubumbashi, mji uliozungukwa na lugha za Kibantu, nako husema muti ya maembe. Tena ku na mu ni viambishi vya mahali vya Kibantu, vikongwe kuliko -ni ya pwani. Hapo, kwa kweli, sisi ndio wahafidhina.

Kiswahili sanifu ndicho tulichopimwa, kwa hiyo mwalimu alikuwa na haki ya kusahihisha. Lakini ngeli sikuikosea; nilitumia sarufi nyingine. Nimemwomba anirudishie pointi moja. Bado anafikiri.