SOMO: MTOTO NA MCHE

Ndugu msomaji, muulize mtoto wako mchicha watoka wapi. Akikujibu "sokoni," usimcheke. Jilaumu nafsi yako, kwani mtoto hajui ila alichoonyeshwa.

Sisi watu wa mji tumezoea kumdharau aliyeshika jembe, na watoto wetu wameirithi dharau hiyo. Mafunzo ya dini yetu ni kinyume chake. Tumefundishwa na Mtume wetu (S.A.W.) kuwa Muislamu aliyepanda hupata thawabu ya sadaka kwa kila kilacho katika mmea wake, hata ndege. Yawaje basi kazi yenye thawabu ikawa aibu?

Natuwatazame wenzetu wa bara. Huko Molo na Njoro, karibu na Nakuru, ziko skuli ambazo watoto wamelima bustani zao kwa msaada wa chama cha Slow Food kilichozaliwa Italia, ambacho mwaka 2010 kilitangaza azma ya kuanzisha bustani 1,000 katika Afrika. Na tangu miaka ya 1960 Kenya ilikuwa na vyama vya wanafunzi viitwavyo 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Vilidhoofika, kisha serikali ikavihuisha mwaka 2021.

Mboga za huko si ngeni kwetu. Managu ndiyo mnavu wetu, na saget ndiyo mgagani. Boga la Lare, sehemu za Njoro, lasifika kwa nyama yake na kwa majani yake, ambayo ni mboga. Bibi zetu waliyajua haya yote, nasi twawaacha wafe na ujuzi wao.

Lakini yako makosa ya kujihadhari nayo. Katika skuli nyingi jembe limekuwa adhabu: aliyechelewa huambiwa akalime. Mtoto aliyefunzwa hivyo huichukia ardhi mpaka uzeeni. Apewaye tuta lake, akapanda, akavuna na kula pamoja na wazazi wake, huipenda.

Mtasema mji umebanana. Debe kuukuu lisilotiwa sumu, lililotobolewa chini, latosha. Litiwe udongo mweusi na samadi iliyooza; mtoto anyunyize mbegu za mchicha, azifunike kidogo, na amwagilie asubuhi na jioni. Maji yaliyooshea mchele yasimwagwe, yanamfaa. Baada ya kiasi cha wiki nne atachuma.

Masharti ni mawili. Kwanza, debe liwe lake kweli. Mche ukikauka asipigwe, bali aonyeshwe sababu na apewe mbegu nyingine. Pili, machumo ya kwanza yapikwe siku ile ile, na fungu moja alipeleke mwenyewe kwa jirani, apate kuijua sadaka kwa mkono wake.

Kabla ya darasa letu lijalo, kila mzazi na aanze na debe moja. Wabillahi taufiq.